Mbuzi Bado Anatafutwa

Nyumbani kwetu kitu hakikupotea. Kilikuwa "bado kinatafutwa". Kijiko, soksi, ufunguo wa kabati, hata mjomba aliyeahidi kuja Jumapili na asitokee, wote walikuwa bado wanatafutwa. Msemo huo ulitokana na hadithi ya Baba. Alikuwa na hadithi moja tu, na alitusimulia mimi na mdogo wangu tukiwa tumelala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, yeye ameketi ukingoni, ananuka mafuta ya taa aliyooshea brashi zake.

Mtoto alitumwa kuchunga mbuzi, akasinzia. Alipozinduka mbuzi hayupo. Akamtafuta mtoni, hayupo. Akamtafuta kwa jirani, hayupo. Akafika njia panda, akasimama, jua linazama. Hapo Baba ananyamaza, anatufunika shuka mpaka shingoni.

"Sasa mbuzi alipatikana?"

"Bado anatafutwa. Laleni."

Mimi sikuzaliwa mpole. Nilikuwa napiga ukuta teke kwa hasira, maana hadithi gani hiyo isiyo na mwisho? Mdogo wangu tulimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na yeye alijitungia miisho yake mwenyewe, ambayo karibu yote ilimfikisha mbuzi sufuriani. Baba alicheka kila mara. Lakini yeye mwenyewe hakutupa mwisho, miaka nenda miaka rudi.

Baba alikuwa fundi wa mabango. Enzi zile hapakuwa na hizi mashine zinazotema bango kubwa kama shuka huku mwenye duka akinywa soda. Mtu akifungua biashara alimwita Baba, na Baba alikuja na ngazi, makopo na kamba iliyopakwa unga wa chaki. Alivuta kamba ikakaza ubaoni, akaiachia, paa! Mstari mweupe ukabaki. Kinyozi, duka la dawa, fundi saa, mlango wa mwanasheria, mtaa wetu wote uliandikwa na mkono wake. Mpaka leo pale duka la dawa wamepaka rangi mpya, lakini mchana jua likipiga ubavuni, herufi za Baba bado zinaonekana chini yake. Nikipita hapo napunguza mwendo. Baba ameshatutoka, lakini herufi zake zimekataa kufutika, na mimi nafurahi kwa ukaidi wao.

Kazi yangu ilikuwa kuvuka barabara. Baba akimaliza neno, mimi nasimama upande wa pili, nafumba jicho moja kama alivyonifundisha, naangalia kama mstari umelala sawa.

"Vipi, Darubini?" anapaza sauti kutoka kwenye ngazi.

"Herufi ya mwisho imeinama!"

"Kulia au kushoto?"

"Kulia! Kama mtu amechoka!"

Anashuka, anakuja kusimama kando yangu, naye anafumba jicho moja. "Kweli. Imechoka hiyo." Kisha anarudi kuinyoosha. Kila mteja alielezwa kwamba mimi ndiye jicho lake, na kichwa kilinivimba mpaka Mama akasema siku moja hakitapita mlangoni.

Herufi nilijifunza huko huko barabarani, kabla sijavaa sare ya shule. Lori likiingia mtaani nilikuwa nimeshasoma kilichoandikwa juu ya kioo chake wakati watu wazima bado wanauliza ni lori la nani. Kwa hiyo siku Baba aliponipeleka kuandikishwa alimwambia mwalimu, kifua mbele, "Huyu hamtapata taabu naye."

Na kweli, darasa la kwanza na la pili hawakupata. Tulisoma ubaoni na kwenye makadi makubwa ukutani, nami nilisoma kwa sauti hadi wenzangu wakaninyamazisha. Taabu ilianza darasa la tatu, tulipogawiwa vitabu.

Nakumbuka harufu yake, ile ya gundi na kabati lililofungwa muda mrefu. Nilifungua nikiwa na hamu. Herufi zilikuwa ndogo kama mchele uliomwagika, lakini hilo halikuwa tatizo, hata mchele nauona. Tatizo ni kwamba hazikutulia. Neno linajigawa, pacha wake anachomoza pembeni. Mstari wa chini unapanda kumkalia wa juu. Naanza sentensi moja namalizia nyingine, darasa linacheka, na kabla kengele haijalia kichwa kinanigonga hapa, katikati ya nyusi. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Nilidhani ndivyo vitabu vilivyo.

Ila niligundua ujanja wangu. Nikiegemeza shavu kwenye mkono, kiganja kikaziba jicho la kushoto, herufi zinatulia. Au nafumba jicho moja, kama kule barabarani. Basi hapo nilijiletea balaa jingine.

"Wewe! Keti wima! Shule si kitanda!" Huyo ni mwalimu wetu wa darasa la tatu, mwembamba, koti lake limejaa vumbi la chaki hadi mifukoni. Kati yetu tulimwita Mwalimu Chaki. Naketi wima, naondoa mkono, herufi zinaanza ngoma yao. Nafumba jicho moja.

"Na sasa ananikonyeza!"

Darasa zima likaangua kicheko. Sasa nasema Mwalimu Chaki hakuwa mtu mbaya, alitaka tu tujue kusoma. Wakati ule nilimwombea ateleze kwenye maji pale mlangoni, mbele ya watu wengi.

Katikati ya muhula alikuja muuguzi kutupima macho. Alibandika ukutani karatasi ya herufi zilizogeukia huku na kule, akatusimamisha mbali, akaziba macho yetu moja moja kwa kipande cha kadi. Wenzangu waliishia njiani. Mimi nilishuka mpaka mstari wa mwisho, kisha nikamsomea na maandishi madogo ya pembeni, jina la kiwanda kilichochapa karatasi yenyewe.

"Huyu anaona kuliko mimi," muuguzi akasema, akaweka alama ya vema.

Alama ile ndiyo iliyonimaliza. Kabla ya hapo huenda mtu angejiuliza. Baada ya hapo jambo lilikuwa wazi: macho mazima, akili anazo, kwa hiyo ni uvivu na jeuri. Mwalimu Chaki aliwaita wazazi wangu, akawaeleza bila kuzungusha maneno. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi atasimama mbele ya mwalimu mkuu na kusoma ukurasa mmoja kitabuni. Nikishindwa, narudishwa darasa la pili.

Darasa la pili ndiko alikokuwa Kasuku.

Jioni hiyo mdogo wangu alinifuata uani nilikokuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Nilijiandaa kumrukia, maana nilijua amekuja kunicheka. Akachuchumaa kando yangu. "Usijali, Dada," akasema. "Benchi letu lina nafasi. Nimeshawaambia wasogee." Afadhali angenicheka. Nililia pale mpaka kwikwi zikanishika, na yeye akakaa tu, ananishika kiwiko.

Baba hakunichapa. Alifanya kibaya zaidi. Kesho yake alibeba ngazi na makopo, nami nikachukua kamba ya chaki kama kawaida, akaninyang'anya.

"Kamba na wewe basi, mpaka usome."

"Nani atakuangalizia mstari?"

"Nitajiangalizia."

"Baba, mimi sitaki kusoma vitabu. Nataka niwe kama wewe."

Uso wake ulibadilika ghafla. Alitazama pembeni kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. "Kama mimi," akasema taratibu. "Ndicho ninachokiogopa hicho." Akaondoka. Nilimtazama anavuka barabara mwenyewe, anageuka, anafumba jicho moja, anarudi kwenye ngazi, anavuka tena. Jioni alirudi amechoka kuliko siku zote.

Zikafuata wiki za mateso. Kila Jumapili mchana nilikalishwa mezani na kile kitabu, Baba kando yangu, kidole chake chenye rangi kikinionyesha pa kuanzia. Mama alikuwa upande wa pili wa meza ileile, anakanda unga wa mikate aliyoiuza kwenye maduka ya mtaani, na Kasuku chini, anachora treni kwa chaki iliyoibwa. Jumapili moja muhula ukiwa unaelekea ukingoni nilisoma sentensi mbili, nikapotea. Nikaanza tena, nikapotea. Nikaegemeza shavu kiganjani.

"Toa mkono," akasema Baba.

"Nikitoa sioni."

"Acha hizo. Muuguzi amesema unaona."

Damu ikanichemka. Nilikisukuma kitabu kikagonga bakuli la unga. "Wewe mbona ukiandika yale maneno madogo chini ya bango unafumba jicho? Mbona wewe hukatazwi?"

Nilitegemea kofi. Halikuja. Baba alikivuta kitabu polepole, akaondoa unga uliomwagikia kwenye jalada. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyonitisha.

"Ukifumbua yote mawili unaona nini?"

"Maneno mawili mawili. Yanapandana. Halafu kichwa kinauma."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa habari anazozijua. "Sikiliza, mwanangu. Kila mtu anaona hivyo. Ndivyo vitabu vilivyo. Wenzetu wana moyo wa kuvumilia, wanakaza mpaka wanazoea. Mimi sikuvumilia, ona nilipo. Wewe lazima uvumilie."

Mikono ya Mama ilisimama ndani ya unga.

"Nani anaona hivyo?" akauliza.

"Watu wote," akajibu Baba.

"Mimi sioni hivyo."

"Labda umezoea."

"Baba Darubini, mimi sioni hivyo, wala sijawahi. Neno ni moja. Limekaa pale pale lilipoandikwa."

"Hata mimi sioni hivyo," sauti ya Kasuku ikatoka chini ya meza.

Sijasahau uso wa Baba dakika ile. Alimtazama Mama, akamtazama Kasuku, akanitazama mimi, kisha akakitazama kitabu kama vile kimemdanganya miaka yote. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akazunguka meza, akamwekea ukurasa mbele yake. "Soma," akasema. Baba akafumba jicho moja. "Hapana. Yote mawili." Alisoma maneno machache, akakwama, akaruka mstari, akaacha. Mtu mzima aliyeandika mtaa mzima!

"Na gazeti?" Mama akauliza. "Miaka yote unaniambia nikusomee kwa sababu unapenda sauti yangu."

"Naipenda," Baba akasema haraka. "Hiyo haikuwa uongo."

Mama akacheka na machozi yakamtoka kwa mpigo mmoja. Akavuta kiti, akakaa, na hapo ndipo Baba alipotusimulia, macho yake yakiwa juu ya unga. Alikuwa darasa la tatu kama mimi. Alisimamishwa kusoma hadithi ya mwisho ya kitabu. Mwanzo wake alikuwa ameushika kwa kuwasikia waliosoma kabla yake, kwa hiyo alijikokota: mtoni hayupo, kwa jirani hayupo. Alipofika mahali ambapo wa mwisho wao aliishia, herufi zikawa mbili mbili. Alichapwa pale pale mbele ya darasa, akaambiwa ni mjinga wa kuzaliwa. Akaweka kitabu kwenye dawati, akatoka, hakurudi tena. Muda si mrefu alikuwa anaosha brashi za fundi mmoja wa mabango, na kwa herufi kubwa zile akagundua kumbe anajua kusoma, ilimradi awe mbali au afumbe jicho.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. "Ulifikia njia panda," nikasema.

"Nilifikia njia panda."

Asubuhi yake Baba alinishika mkono tukaenda shule. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kwenda kwenye misiba na harusi. Mtu huyu alipanda ngazi ndefu bila kushika kitu, lakini mlango wa darasa la tatu ulimtetemesha. Mwalimu Chaki alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Lakini mzee, muuguzi alimpima. Macho yake ni mazima."

"Ya mbali ni mazima, Mwalimu. Nakuomba kitu kimoja. Chagua ukurasa ambao hajawahi kuufikia."

Mwalimu akafungua kitabu karibu na katikati. Baba akaomba chaki. Akafumba jicho moja, akaanza kuuhamisha ukurasa ule ubaoni, kwa zile herufi zake za mabango, nene, zimesimama wima. Wenzangu waliokuwa wakiingia walibaki midomo wazi, maana ubao wetu haukuwahi kupendeza hivyo. Mwalimu mwenyewe alisahau kuwaambia wakae.

Baba akanituma hadi ukuta wa nyuma. "Vipi, Darubini?" akauliza, kama vile tuko barabarani.

Nikasoma. Nilisoma ukurasa mzima bila kupumua, nikashusha sauti penye nukta na kupandisha penye kuuliza. Mwalimu akaniita mbele, akanipa kitabu, ukurasa uleule niliotoka kuusoma. Nikakwama mstari wa pili. Akaniambia, "Sasa ziba jicho." Nikaziba. Nikasoma, polepole, lakini nikafika chini.

Mwalimu Chaki alijiketisha kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfikia kifuani. "Mimi nilidhani unanikonyeza," akasema. Darasa likacheka, naye akacheka, na kicho changu kwake kikapungua nusu. Alimwendea mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Wakakubaliana nisubiriwe hadi mwisho wa muhula unaofuata, nipelekwe kwanza hospitali. Ila siku hiyo ikifika nitasoma kitabu chenyewe, kama wengine.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mnene mwenye mikono laini na pete iliyogoma kutoka kidoleni. Hakunisomesha ya mbali tu. Aliniwekea ncha ya penseli mbele ya uso, akaileta taratibu kuelekea puani, huku akiniuliza ni ngapi. Ilikuwa moja, moja, halafu mbili, tena bado ikiwa mbali kabisa. Akanifuatisha kitone kinachokwenda kushoto na kulia, akafunika jicho hili, akafunua lile.

"Kila jicho lako peke yake halina kasoro," akatuambia. "Ila kwa karibu hayajui kufanya kazi pamoja. Ni watu wawili wanabeba kitanda, huyu anaelekea mlangoni, yule dirishani. Nyinyi mnamlaumu aliyelala kitandani."

"Atavaa miwani?" akauliza Kasuku, ambaye hatukufaulu kumwacha nyumbani.

"Hahitaji. Anahitaji mazoezi." Kasuku alinuna. Alikuwa ameshajipangia kuiazima.

Tuliponyanyuka, Mama akabaki amekaa. "Daktari, mpime na huyu," akasema, akimwonyesha Baba kwa kidevu.

Baba akasema hapana, haina haja, yeye mtu mzima. Mama akamkazia macho. Akaketi kwenye kile kiti kifupi nilichotoka mimi, shati jeupe, mikono magotini kama mtoto aliyeitwa ofisini. Penseli ikaja.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Hapa?"

"Bado mbili."

"Zimekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu napata akili."

"Shuleni ulikuwaje?"

"Nilikuwa mjinga," Baba akasema. Alilisema kama mtu anavyotaja tarehe yake ya kuzaliwa.

Daktari akaweka penseli chini. "Hapana," akasema. "Hukuwa mjinga."

Baba alibaki anaitazama ile penseli mezani. Nilitaka kucheka kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya sungura, kisha nikaona kidevu chake kinatetemeka, hamu ya kucheka ikanitoka. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mtu mzima naye anaweza kuyafanya hayo mazoezi?"

"Itachukua muda zaidi kuliko kwa mtoto. Lakini anaweza."

Basi tukawa tunakaa kizingitini sisi wawili, kila jioni kabla mwanga haujatoweka, na nikiambiwa nichague kipindi kimoja cha utoto wangu nirudishiwe, nitachagua kile. Baba alitengeneza brashi mbili kuukuu, kwenye kila mpini akachora herufi moja ndogo nyekundu. Mimi na brashi yangu, yeye na yake. Tunainyoosha mbali, tunaileta karibu, inapojigawa tunasimama, tunakaza mpaka zinarudi kuwa moja. Kasuku alijiteua kuwa refa. "Baba amedanganya! Amefumba!" Wapita njia walidhani tumerogwa, baba na binti wakizitolea brashi macho ya kengeza. Muuza maziwa aliuliza kama ni aina mpya ya sala. Siku nyingine kichwa kiliuma nikaitupa brashi barabarani, Baba akainuka bila neno, akaniokotea, akaipangusa. Kila baada ya muda tulirudi kwa daktari, akatupa zoezi gumu zaidi. Kamba ya chaki nikarudishiwa pia, bila mimi kuomba.

Sikupona kwa siku moja. Lakini kuna asubuhi nilifungua kitabu darasani na mstari ukatulia. Niliuacha nikatazama dirishani, nikaurudia, bado umetulia. Neno moja, mahali pake, kama Mama alivyosema. Nilimwangalia mwenzangu wa karibu nikamwonea wivu wa hasira kabisa, kwamba yeye amekuwa akiona hivi muda wote na hakuona ni kitu cha kushangilia.

Siku ya mwalimu mkuu nilisimama wima, mikono yote miwili ikishika kitabu. Kwenye aya ya pili niliteleza, Mwalimu Chaki akameza mate mpaka nikasikia. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikaenda nao hadi mwisho. Mwalimu mkuu akasema, "Haya, mwingine." Hilo tu! Nilidhani patapigwa vigelegele. Nje, Kasuku aliponiona nacheka, akatingisha kichwa. "Sasa nikawaambie warudi kukaa kwa nafasi," akasema, na nadhani alihuzunika kidogo.

Mwalimu Chaki alitupatia kitabu kimoja kikuukuu kisicho na jalada, cha kufanyia mazoezi nyumbani. Hadithi ya mbuzi, ile ya mwisho, ilikuwa humo. Shule haikuwa imebadilisha vitabu tangu enzi za Baba. Niliisoma shuleni, mapumziko, nimejibanza nyuma ya vyoo. Nikaipita njia panda. Nikageuza ukurasa. Kengele ilipolia ya kutoka nilikimbia bila kusimama mpaka kwenye ngazi ya Baba, alikuwa anaandika duka la viatu.

"Baba! Mbuzi alipati..."

Aliruka chini akaniziba mdomo kwa kiganja, kikiwa na rangi mbichi ya bluu. "Usiniambie," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Nitafika mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na masharubu ya bluu. Mimi, Mama na Kasuku tukawa tunajua sote, na tukakaa na siri hiyo muda ambao kwa Kasuku ulikuwa mateso, kwa sababu Baba alikwenda mwendo wa konokono. Alianzia ukurasa wa kwanza wa kitabu, hakutaka kuruka kitu. Siku za kazi nyingi alisoma mistari michache tu. Mazoezi yangu yaliisha, yake yakaendelea. Nilivuka darasa la nne. Kitanda kimoja kikatushinda, Kasuku akanunuliwa chake. Kila jioni Baba alikuwa kizingitini, midomo inacheza, kidole kinatambaa, na mara moja moja anainua brashi, anaileta puani, kisha anarudi kwenye ukurasa.

Jioni moja tulikuwa mezani tunamsubiri aje kula. Mlango ulikuwa wazi, tunamwona kwa upande. Kidole hakikutembea tena. Mama akatufanyia ishara tunyamaze, na hata Kasuku akatii. Baba akainuka, akaingia, akasimama karibu na taa, kitabu kimefungwa juu ya kidole chake. Macho yote mawili yalikuwa wazi na yamejaa machozi.

"Amepatikana," akasema.

"Nani?" Mama akauliza, ingawa alijua.

"Mbuzi. Alirudi mwenyewe. Alikuwa jikoni kwao, amelala."

"Sisi tulijua zama..." Kasuku akaanza, nikamkanyaga mguu.

Baba akacheka mpaka akashikilia kiti, kisha kicheko kikageuka kilio, akawa anajipangusa kwa kifundo cha mkono kwa sababu vidole vilikuwa na rangi. Mama alimwendea. Chakula kikapoa na hakuna aliyelalamika.

Tulipokwenda kulala alitufuata chumbani, ingawa tulikuwa tumeshapita umri wa kusimuliwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda changu, ananuka mafuta ya taa kama zamani, akaanza tangu mwanzo. Mtoto akasinzia, akazinduka. Akamtafuta mtoni, hayupo. Akamtafuta kwa jirani, hayupo. Akafika njia panda, akasimama, jua linazama, na Baba hakunyamaza.